Majiko Hamsini na Manne ya Fundi Sosthenes Kalinga

Mchungaji, wazee wa usharika, majirani wa hapa Soweto, Mbeya, wafanyabiashara wa soko la Mwanjelwa, na ninyi ndugu zetu mliotoka Kilolo kwa basi mkafika hapa na kukuta chai imekwisha, kamwene, poleni na msiba, poleni na safari, na familia inaomba usikivu wenu kwa muda usiozidi nusu saa, kwa kuwa historia hii imeandikwa na mdogo wa marehemu, Obeid Kalinga, mwalimu mstaafu, ambaye pia ndiye msomaji, na wote wanaomfahamu wanajua kwamba hapendi kukatizwa.

Marehemu Sosthenes Jailos Kalinga alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 katika kijiji cha Kidabaga, ambacho leo kimo wilaya ya Kilolo, mkoa wa Iringa, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto sita wa mzee Jailos Kalinga na mama Lusia, ambao wote wametangulia. Alikuwa mtoto mkimya, mwenye mikono isiyotulia, na akiwa na miaka sita aliifungua taa ya kandili ya mwinjilisti aliyekuwa mgeni wa baba yao, akaitandaza yote juu ya mkeka, akairudishia, kikabaki kipande kimoja mkononi mwake, na taa ikawaka vilevile, hata mzee Jailos, aliyekuwa ameshashika fimbo, akakosa sababu ya kuitumia.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo kijijini kuanzia mwaka 1976 hadi 1982, akifanya vizuri katika hesabu na vibaya katika mengine yote, hakuchaguliwa kuendelea na sekondari, akapokea kipaimara mwaka 1983, na mwaka 1984 na 1985 akajifunza ufundi bati katika karakana ya misheni, ambako alipewa cheti alichokitunza ndani ya Biblia mpaka siku ya mwisho. Mwaka 1986 aliajiriwa katika karakana ya shamba moja la chai huko Mufindi, akakaa miaka mitano, akasema baridi ya kule imemshinda, kisha akahamia Mbeya, na sisi ndugu zake tulicheka sana, maana ni kama mtu kukimbia mvua akaenda kujificha mtoni.

Aliingia Mwanjelwa mwezi Februari 1991 akiwa na sanduku la bati, akapata nafasi ya kuweka meza nyuma ya maduka ya nguo, akaanza kutengeneza majiko ya mafuta ya taa, na hapa familia inaomba mshike jambo moja, kwa sababu mengine yote yanatokana nalo. Lile jiko la mafuta ya taa la kupampu lilikuwa na tundu dogo ambalo huziba kwa masizi, na dawa yake ilikuwa sindano, unachoma, unazungusha, unapuliza, jiko linanguruma, na Fundi Sosi, kama alivyoitwa sokoni, alikuwa hana mpinzani katika sindano, alizichomeka kwenye ukosi wa shati, tatu au nne, akitembea nazo hata kanisani.

Tarehe 19 Oktoba 1996, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa na Tumpe Mwakalukwa wa Tukuyu, ambaye alikuja na jiko bovu akaondoka na mchumba, na Mungu akawajalia watoto watatu, Benjamini aliyezaliwa 1998, Mercy 2001 na Gerson 2006, pamoja na mjukuu mmoja, mtoto wa Benjamini. Wakwe zake walimtania miaka yote kwamba Mhehe huyu amekula ndizi zao mpaka amebadilika rangi, naye alikuwa akiongeza sahani tu.

Majiko ya gesi yalipoanza kuingia kwa wingi katika nyumba za watu wa kawaida hapa mjini, mafuta ya taa yakapotea, na mwaka 2015 Fundi Sosi alibadilisha kazi akiwa mtu mzima wa miaka arobaini na saba, bila kufundishwa na mtu, akifungua na kutazama, kama alivyoifungua ile kandili. Akina mama waliomletea majiko walikuwa wametoka kwenye kuni na mkaa, walitaka moto unaoonekana, na ule moto mfupi wa buluu uliwatia mashaka, wakawa wanamwambia, "Fundi, moto gani huu wa kuchungulia, huu si wa kuivisha makande," na hasa mwezi wa sita na wa saba, baridi inapokaza hapa kwetu na gesi ndani ya mtungi ikawa dhaifu, malalamiko yalizidi.

Basi marehemu alifanya alichokijua. Alitoa ile jeti, yaani kipande kidogo cha shaba chenye tundu la kupitishia gesi chini ya bana, na bana ni kile kichwa chenye matundu panapotokea moto, akaingiza sindano ya chuma, akazungusha kama alivyozoea, na tundu likapanuka, moto ukasimama mrefu wa manjano, mama akafurahi, akaenda kumwambia jirani yake, jirani naye akabeba jiko lake. Kwa miaka mitatu alisifiwa Mwanjelwa nzima kuwa ndiye fundi anayejua kuongeza moto, naye alipenda sifa hizo, familia haitaficha, alipenda sana.

Siku ya Alhamisi tarehe 12 Julai 2018, hapa Soweto, Bi. Devota, ambaye yupo nasi leo na amekubali jina lake lisomwe, alikuwa anachemsha maharage jikoni kwake, baridi ilikuwa kali, akafunga dirisha, akasukumia kitambaa chini ya mlango kama tunavyofanya wengi wetu, akakaa karibu na moto kuchambua mchele, na saa saba mchana jirani yake alimkuta amelala sakafuni, ungo umemwagika, jiko bado linawaka. Alilazwa siku nne, wengine wakasema ni presha, wengine wakasema mengine ambayo hayafai kusomwa mbele ya mchungaji, na aliporudi nyumbani alikuwa hai, ila mkono wa kulia ukawa unatetemeka na majina ya watu yakawa yanamponyoka, mpaka leo.

Hakuna mtu aliyemtaja Fundi Sosi, hakuna aliyemfikiria, na yeye mwenyewe alikwenda kumjulia hali kama msharika mwenzake, amebeba sukari na sabuni, akakaribishwa jikoni, na macho yake yakaangukia sufuria iliyokuwa nyeusi kuanzia kitako hadi masikioni, masizi mazito ambayo gesi haipaswi kuyatoa kabisa. Akafungua dirisha, akafungua mlango, akawasha jiko, moto ukapanda wa manjano, mrefu, unayumba, akauzima, akageuza jiko, akaitambua kazi ya mkono wake, kisha akatoka nje akakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, na jirani aliyempita pale alidhani mzee kashikwa na tumbo.

Alimweleza mkewe jioni ile ile kwamba angeweza kunyamaza, na kwamba alikaa juu ya ile ndoo akijishauri anyamaze, na alikuwa ameshakata shauri la kunyamaza, mpaka alipokwenda kuaga na Bi. Devota akamshukuru kwa sabuni. Hapo alishindwa, akamwambia yote, jeti, sindano, moto, akisubiri atukanwe, lakini Bi. Devota, ambaye maneno yalikuwa yakimjia polepole siku hizo, aliuliza, "Na wengine je, fundi?"

Mama Tumpe hakulipokea jambo hilo vizuri, na ametuomba tusimpambe, alimwambia mumewe, "Baba Benja, unajipalia makaa mwenyewe, nani amekuuliza?" akagoma kuongea naye siku mbili, na siku ya tatu akavuta kiti mezani, akasema, "Haya, anza na wa kwaya." Marehemu hakuwa na daftari la wateja na sura za watu zilikuwa zikimpotea, ila jiko alilolifungua mara moja hakulisahau, kwa hiyo walihesabu kwa majiko, lile la miguu mitatu, lile lenye kibao cha kioo kilichopasuka, lile la mama wa chapati, yeye akikumbuka jiko na mkewe akikumbuka mwenyewe, na baada ya juma zima walifikia majiko hamsini na manne.

Kwanza alikwenda kwa Ndugu Dastan, fundi wa duka moja la gesi, mdogo kwake kwa miaka ishirini, akamwomba amfundishe upya tangu mwanzo, na Dastan, ambaye leo ni miongoni mwa waliobeba jeneza, alimwambia bila kumwonea aibu kwamba jeti ya gesi haichokonolewi kwa chuma, kwamba tundu likipanuka gesi inakuwa nyingi kuliko hewa, haiungui ikaisha, na kinachobaki ni sumu isiyo na harufu wala rangi, na katika chumba kilichofungwa mtu anasinzia nayo asiamke. Jeti iliyopanuliwa haina matibabu, inatolewa inawekwa mpya ya kipimo chake, na marehemu aliporudi nyumbani alizitoa sindano kwenye ukosi wa shati akampa mkewe za kushonea.

Jumapili tarehe 5 Agosti 2018, baada ya matangazo, alisimama katika usharika wetu, mzee mmoja wa kanisa akamvuta koti akimnong'oneza kwamba atajichafulia jina, naye akasema, na wengi wenu mlikuwepo, "Mimi ni fundi Kalinga wa Mwanjelwa, jiko nililokuongezea moto nililiharibu, ukiona moto wa manjano na sufuria inashika masizi, lizime, funga mtungi, fungua madirisha, uniite, nitakuja." Kuna waliocheka, kuna waliodhani amelewa, na kwa miezi minne mezani kwake Mwanjelwa hakuja mtu, isipokuwa mshindani wake aliyekuja kumpa pole ya kinafiki.

Baada ya hapo alizunguka kila kanisa lililomruhusu, kwa Wakatoliki, kwa Wamoraviani, kwa ndugu zetu wa makanisa ya maturubai, na kwenye msikiti wa sokoni alipewa nafasi baada ya swala ya Ijumaa, akarudi nyumbani akisema kwamba Wamoraviani ndio wenye matangazo marefu kuliko wote, alisimama mpaka miguu ikafa ganzi. Alipopata jiko, hakulipeleka sokoni, alilitengeneza pale pale mbele ya mwenyewe, ili aone, na namna yake ya kufanya kazi ilibadilika kabisa, ikawa ya taratibu ya kuudhi, msomaji wa historia hii aliwahi kumshikia tochi mchana kweupe kwa saa nzima na hatasahau.

Kwanza alifunga mtungi, akafungua dirisha na mlango, akazuia mtu yeyote kugusa swichi ya taa, kisha akakoroga sabuni ya unga kwenye kikombe, akapaka povu kwenye regulata, kile kifungio cha juu ya mtungi, na kwenye mpira kuanzia mtungini hadi jikoni, akaufungua mtungi kidogo na kutazama kama povu linavimba mahali, kwa sababu alikuwa mkali sana kwa wale wanaotafuta gesi inayovuja kwa kutumia kiberiti, alisema huyo hatafuti gesi, huyo anatafuta jeneza. Mpira uliopasuka alikataa kuuzungushia gundi au kipande cha tyubu, aliukata ili usirudiwe, na mama mmoja wa Mwanjelwa alimnunia mwaka mzima kwa sababu hiyo.

Kisha alinyanyua bana, akaziosha kwa maji ya moto na sabuni na mswaki mkuukuu, akazianika mpaka zikauke kabisa, maana bana yenye maji, moto wake hukatikakatika na kuzimika, akasafisha njia ya hewa ambako mafuta ya kukaangia na utando wa buibui hupenda kukaa, akarudisha vifuniko vikae sawa bila kuchezacheza, na mwisho ndipo akafungua jeti, akaweka mpya, akajaribu tena kwa povu, akawasha, na moto wa buluu uliposimama mfupi na kutulia alimwambia mwenye jiko autazame vizuri, "Huu ndio wenyewe, mama, usiudharau." Kuhusu baridi, aliwakataza watu kuusogeza mtungi karibu na jiko la mkaa ili gesi ipate nguvu, kama alivyowakuta wakifanya huko Ilomba na hata nyumbani kwetu Kidabaga, akasema mtungi uvumilie tu kama sisi tunavyovumilia, na dirisha libaki wazi, vaeni sweta.

Kwa njia hiyo, kuanzia Agosti 2018 hadi mwaka jana, aliyafikia majiko hamsini na moja, mengine hapa mjini, mengine Tukuyu, Makambako na Iringa mjini yalikohamia na wenyewe, jingine alilikuta limegeuzwa kiota cha kuku akalibadilishia jeti vilevile, kuku wakiwa pembeni wanapiga kelele, na Mungu ashukuriwe, katika nyumba hizo zote hakukuta msiba. Wateja walirudi kidogo kidogo, binti yake Mercy akaacha kazi ya dukani akajifunza kwake, na leo ile meza ya Mwanjelwa ni ya Mercy.

Marehemu alianza kuugua mwaka 2021, akagundulika kuwa na kisukari, kikafuatiwa na tatizo la figo, akatibiwa kwa nyakati mbalimbali, akapata nafuu na kuzidiwa, na kuanzia Novemba mwaka jana hakuweza tena kutoka kwenda kutafuta majiko, jambo lililomuuma kuliko ugonjwa wenyewe, alikuwa akilia, na familia inasema hivyo wazi kwa sababu yeye mwenyewe hakuona aibu. Alifariki dunia siku ya Jumanne tarehe 3 Juni 2025, saa tatu asubuhi, katika hospitali ya rufaa hapa Mbeya, akiwa na umri wa miaka hamsini na saba, miezi miwili na siku ishirini, mkewe akiwa ameushika mkono wake.

Ukoo ulitaka mwili usafirishwe Kidabaga ukalale karibu na wazazi, na aliyelalamika kwa sauti kubwa kuliko wote ndiye huyu anayesoma, mpaka Mercy alipoleta karatasi ambayo baba yake alimwandikisha mwezi wa nne, ikisema azikwe Mbeya, kwa sababu Kidabaga watakuja ndugu tu, lakini Mbeya watakuja wenye majiko. Obeid aliisoma mara mbili, akaikubali, na anaomba radhi kwa wale aliowafokea barazani.

Familia inatoa shukrani kwa madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upole hata alipokuwa akiwauliza habari za majiko yao, kwa mchungaji na usharika, kwa majirani wa Soweto waliotandika mikeka tangu Jumanne, kwa mafundi na wafanyabiashara wa Mwanjelwa waliofunga meza zao leo, kwa Ndugu Dastan, kwa wakwe zetu wa Tukuyu, ndaga fijo, na kwa Bi. Devota, aliyekaa na mama Tumpe siku zote hizi tatu akimshikia kikombe kwa mkono ule ule unaotetemeka. Tumewasahau wengi, mtusamehe.

Sasa msomaji anatakiwa kusoma ile karatasi, kwa kuwa mwenyewe aliagiza isomwe watu wakiwa bado wamekaa, kabla ya kuanza kuelekea makaburini, nayo inasema, "Nimebakiza majiko matatu. La kwanza ni la pleti mbili, la bati jeupe, lilinunuliwa na mtu wa mpunga wa Madibira. La pili ni la kioo cheusi, pleti mbili, swichi moja imefungwa waya, la mwalimu aliyehamishiwa Makete. La tatu ni la pleti tatu, lina stika ya ua ubavuni, la dada aliyekuwa akiuza mitumba karibu na stendi, simjui jina. Kama unalo mojawapo ya hayo, au unamjua aliye nalo, usiliwashe leo. Nisameheni, na mwende kwa Mercy."

Karatasi inasema matatu, ila msomaji anasahihisha. Jana Alhamisi saa kumi jioni, wakati chakula cha waombolezaji kinaivishwa, alifika hapa mzee Bartholomeo kutoka Madibira, asiyemjua mtu yeyote wa familia hii, alisikia tangazo la kifo redioni likitaja fundi Kalinga wa Mwanjelwa aliyekuwa akitafuta majiko, akapanda gari na jiko lake la bati jeupe limefungwa kwenye kitenge, akalitua hapo nyuma ya nyumba, akasema tu kwamba ameliwasha kila asubuhi kwa miaka minane katika chumba wanamolala wajukuu zake watatu, na kwamba wote ni wazima. Mercy alilifungua akiwa amevaa nguo za msiba, akaitoa jeti, akaweka mpya, akapaka povu, akawasha, na waliokuwepo tulisimama kuutazama ule moto wa buluu, mzee wa watu akavua kofia.

Kwa hiyo yamebaki mawili, la kioo cheusi na lenye stika ya ua, na aliye na habari yoyote amwone Mercy pale chini ya turubai, hata sasa hivi, hatutaona ni utovu wa heshima. Lala salama, kaka Sosi. Usituulize habari za hayo mawili, tunayatafuta.